Vyombo vya anga vinapofunga gati bila nahodha: Macho ya leza yachukua kazi ya rubani

Na Mwandishi Wetu

MCHANA wa Juni 25, 1997, kwa saa za Moscow, kamanda wa kituo cha anga cha Mir, Vasily Tsibliyev, alikuwa mbele ya televisheni ndogo, mikono yake ikiwa juu ya vijiti viwili vya kuongozea. Alikuwa akijaribu kukirejesha kituoni chombo cha mizigo cha Progress M-34, chenye uzito wa tani zipatazo saba, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimejaa takataka.

Katika kioo cha televisheni hiyo aliiona Mir kama inavyoonekana kutoka kwenye chombo kinachokuja. Nyuma ya kituo palikuwa na mawingu ya dunia, na ilikuwa vigumu kutenganisha kilicho kituo na kilicho wingu. Hakuwa na kipimo cha kuaminika cha kumweleza chombo kiko umbali gani, wala kinakuja kwa kasi gani. Ilimlazimu akisie kwa kuangalia jinsi picha ilivyokuwa ikikua.

Alipotambua kuwa chombo kimekaribia mno, muda ulikuwa umekwisha. Progress ilijibamiza kwenye moduli ya Spektr, ikaharibu paneli ya umeme wa jua na kutoboa ukuta. Hewa ikaanza kuvuja.

Wanaanga watatu waliokuwamo, yaani Tsibliyev, Mrusi mwenzake Aleksandr Lazutkin na Mmarekani mzaliwa wa Uingereza, Michael Foale, walinusurika kwa sababu waliwahi kukata na kuchomoa nyaya zilizopita mlangoni mwa Spektr, kisha wakaufunga mlango huo kwa kifuniko. Foale aliyekuwa akilala katika moduli hiyo aliacha humo karibu kila alichokuwa nacho.

Kituo kilipoteza sehemu kubwa ya umeme na kuanza kujizungusha ovyo. Ili kujua kinazunguka kwa kasi gani, Foale alisimama dirishani, akanyoosha mkono na kutumia kidole gumba kupima nyota zinavyopita. Makadirio hayo yalitumwa kwa wataalamu walioko ardhini, na injini za chombo cha Soyuz zilizokuwa zimeunganishwa na kituo zikatumika kupunguza mzunguko huo.

Ajali hiyo inabaki kuwa mojawapo ya mifano ya wazi ya kwa nini nchi zenye shughuli angani zimetumia fedha nyingi na miaka mingi kutengeneza vihisi, yaani vifaa vinavyokiwezesha chombo kujua chenyewe kiko wapi kikilinganishwa na kingine, na kujiongoza hadi kikaungana nacho bila mkono wa binadamu. Katika Mir, kifaa cha namna hiyo kilikuwapo. Kilikuwa kimezimwa kwa makusudi.

Kukimbizana kusikofanana na kwa barabarani

Msomaji anayeendesha gari anaweza kudhani kwamba kukifikia kituo cha anga ni suala la kukanyaga mafuta. Katika obiti mambo huenda kinyume. Chombo kinachoongeza kasi hupanda juu zaidi, na huko juu mzunguko mmoja huchukua muda mrefu zaidi, hivyo kinaishia kubaki nyuma ya kile kilichokuwa kikikimbizwa. Kinachotaka kumfikia aliye mbele hulazimika kwanza kupunguza kasi, kishuke katika obiti ya chini ambako mzunguko ni mfupi, kisha kipande taratibu.

Kituo cha Kimataifa cha Anga huruka kilomita zipatazo 400 juu ya dunia kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, na huizunguka dunia mara moja kila dakika 90 hivi. Chombo kinachokuja kuungana nacho nacho huwa katika mwendo huohuo. Lakini kasi kati ya viwili hivyo, pale vinapogusana, inatakiwa kuwa sentimeta chache tu kwa sekunde, polepole kuliko mtoto anayetambaa.

Kazi ya vihisi ni kuipima tofauti hiyo ndogo iliyofichika ndani ya mwendo mkubwa. Vinatakiwa kujibu maswali manne kwa mfululizo: umbali ni kiasi gani, unapungua kwa kasi gani, mwenzako yuko upande gani, na je, lango lake limeelekea kwako au limeinama. La mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu mlango unaweza kuwa mbele kabisa ya chombo na bado ukawa umepinda kiasi cha kuzuia vifungo visishikane.

Hakuna kifaa kimoja kinachoyajibu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vyombo vikiwa mbali, hutumika vipimo vya mitambo ya ardhini, redio au mfumo wa GPS. Vinapokaribiana hadi mita mia kadhaa, usahihi huo hautoshi tena, na hapo leza na kamera huchukua usukani. Makabidhiano kati ya kifaa kimoja na kingine ndipo mahali ambapo, kama itakavyoonekana hapa chini, mambo huharibika.

Redio kutoka Kiev

Chombo cha kwanza kuungana na kingine angani kiliongozwa na binadamu. Machi 16, 1966, Wamarekani Neil Armstrong na David Scott walikiunganisha chombo chao cha Gemini 8 na kile cha Agena kisichokuwa na mtu. Mwaka uliofuata, Oktoba 30, 1967, Urusi ya Kisovieti ilifanya jambo ambalo Marekani ilichukua miongo kadhaa kulifikia: vyombo viwili visivyo na mtu, Kosmos 186 na Kosmos 188, vilitafutana na kuungana vyenyewe.

Mfumo uliotumika uliitwa Igla, maana yake sindano. Katikati ya miaka ya 1980 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na Kurs, ambao kwa matoleo mbalimbali umeendelea kuziongoza Soyuz na Progress hadi Kituo cha Kimataifa. Namna unavyofanya kazi inaeleweka bila shida: antena za chombo hutuma mawimbi ya redio, kituo huyajibu, na kutokana na muda, nguvu na mabadiliko ya mawimbi yanayorudi, kompyuta hukokotoa umbali, kasi na uelekeo.

Tatizo la Kurs katika miaka ya 1990 halikuwa la kiufundi. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa Kiev, na baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, Kiev ilikuwa mji mkuu wa nchi nyingine. Urusi iliyokuwa na ukata mkubwa ikajikuta inanunua kwa fedha taslimu kifaa ambacho awali ilikipata kama mali ya nyumbani.

Ndipo likaja wazo la kuachana na Kurs na kumtumia mwanaanga aliye kituoni, kwa mfumo wa televisheni na vijiti ulioitwa TORU. Mfumo huo ulikuwapo kama akiba ya dharura, nao sasa ulitakiwa ujaribiwe kama njia ya kawaida.

Jaribio la Machi 1997 kwa chombo cha Progress M-33 lilishindwa baada ya picha ya televisheni kuharibika, na chombo kikapita pembeni ya kituo. Ilidhaniwa kwamba mawimbi ya Kurs ndiyo yaliyoivuruga picha hiyo. Kwa hiyo katika jaribio la Juni, Kurs ikazimwa, na pamoja nayo vikaondoka vipimo vya umbali na kasi. Tsibliyev alibebeshwa kazi ya rubani aliyefungwa jicho moja, na si haki kuiita ajali hiyo uzembe wake peke yake.

Dola milioni 110 na kosa la nusu mita

Marekani nayo ililipia somo lake. Aprili 15, 2005, shirika la anga la nchi hiyo, NASA, lilirusha chombo kilichoitwa DART kwa gharama ya jumla ya dola milioni 110. Kilitakiwa kuisogelea setilaiti ya mawasiliano ya majaribio, MUBLCOM, iliyokuwa angani tangu mwaka 1999, kifike mita chache kutoka hapo, kiizunguke na kuondoka, vyote bila kuongozwa na mtu. Hata mtambo wa kupokea amri kutoka ardhini hakikuwa nao. Wahandisi walibaki watazamaji.

Kihisi chake kikuu kilikuwa kazi ya akili nyingi. Setilaiti ya MUBLCOM ilikuwa imebandikwa vioo maalumu vinavyorudisha mwanga ulikotoka, kama rifleta za nyuma ya baiskeli. Juu ya vioo hivyo palikuwa na vichujio vinavyopitisha mwanga wa leza wa urefu wa wimbi wa nanometa 850 na kuzuia ule wa nanometa 800. Kihisi kilimulika kwa leza ya kwanza na kupiga picha, kisha kikamulika kwa ya pili na kupiga nyingine.

Kompyuta ikiondoa picha moja kutoka katika nyingine, kila kitu kinachoonekana sawa katika zote mbili hufutika: jua, mawingu, mng'ao wa mabati ya setilaiti. Hubaki nukta nyeupe chache, na nukta hizo ni vile vioo. Kwa kuwa mpangilio wa vioo unajulikana, namna nukta zinavyosongamana au kupindana inatosha kueleza umbali na mkao wa setilaiti.

Kihisi hicho hakikupata nafasi ya kuonyesha uwezo wake wote. Kwa mujibu wa muhtasari wa uchunguzi uliotolewa na NASA mwaka 2006, kipokezi cha GPS cha DART kilikuwa kikitoa vipimo vya kasi vilivyopotoka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde. Kosa hilo linaweza kuonekana dogo, lakini katika dakika moja tu linamaanisha mita 36.

Kompyuta ya chombo ililinganisha mahali ilipodhani ipo na mahali vipimo viliposema ipo. Tofauti ilipokuwa kubwa kupita kiasi, ilifuta hesabu zake na kuanza upya, lakini ilianza upya kwa kutumia kasi ileile yenye kosa. Hali hiyo ikajirudia tena na tena. Kila mara chombo kilijaribu kujirekebisha, na kila marekebisho yalikula mafuta.

Umbali wa mita 200 hivi kutoka kwenye setilaiti palikuwa na alama ya kufikirika ambayo DART ilitakiwa kupita ndani yake ndipo kihisi cha leza kiwashwe kwa uwezo wake kamili. Chombo kiliikosa alama hiyo kwa chini ya mita mbili. Kwa kuwa programu haikuwa na njia nyingine ya kukiruhusu, kihisi kiliendelea kutoa uelekeo pekee na si umbali, hali kikiwa kinaitazama setilaiti iliyo mbele yake.

Mfumo wa kuzuia mgongano ulikuwapo pia, lakini ulitegemea vipimo vilevile vibovu. DART iliamini kwamba bado iko mbali na inarudi nyuma, kumbe inasonga mbele kwa takriban mita moja na nusu kwa sekunde. Iliigonga MUBLCOM na kuisukuma katika obiti ya juu zaidi. Kwa bahati setilaiti haikuonekana kudhurika. Kazi iliyopangwa kuchukua saa 24 ilikwisha baada ya saa zipatazo 11, mafuta yakiwa yametumika kupita ilivyotarajiwa.

Jambo la kusikitisha zaidi katika taarifa hiyo ni kwamba kasoro ya kipokezi ilikuwa inajulikana kabla, na marekebisho yake yalikuwapo. Hayakuwekwa katika chombo.

Ulaya yafanya mazoezi ya kukimbia

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya shirika la anga la Ulaya, ESA, na safari hii kilichokuwa kikisogelewa si setilaiti kuukuu bali kituo chenye watu. Chombo cha mizigo kilichopewa jina la mwandishi wa Ufaransa, Jules Verne, kilirushwa kutoka Kourou Machi 9, 2008, kikiwa na uzito wa karibu tani 20. Kosa kama la DART kwa mzigo wa ukubwa huo lingeweza kuua.

Ndiyo maana wahandisi hawakukiruhusu kiende moja kwa moja. Machi 29 kilifanya jaribio la kwanza kwa mbali, na Machi 31 kikasogea hadi mita 11 kutoka kituoni, kisha kikaamriwa kukimbia. Ilipothibitika kwamba kinajua kukimbia, ndipo Aprili 3 kikaruhusiwa kuunganika.

Kuanzia mita 250 hivi chombo hicho kiliacha kutegemea GPS na kutumia vifaa viwili vya leza vya aina tofauti. Kimoja kilimulika vioo 26 vilivyobandikwa upande wa nyuma wa moduli ya Zvezda na kuisoma picha ya nukta zilizorudi. Cha pili kilituma mipigo ya leza na kupima muda inaotumia kwenda na kurudi, mithili ya rada. Vipimo vya kimoja vilitumika kuukagua mwenendo wa kingine, na pembeni palikuwa na kompyuta nyingine iliyojitegemea, ambayo kazi yake ilikuwa kutazama tu na kukiondoa chombo ikiona hatari. Wanaanga nao walikuwa na kitufe chekundu cha kusitisha kila kitu.

Hakuna aliyelazimika kukibonyeza siku hiyo. Chombo kiligusa lango kwa kasi ya takriban sentimeta saba kwa sekunde. Vingine vinne vya aina yake vilifuata, cha mwisho mwaka 2014.

Vioo vya jirani na kipaza nguvu kibovu

Pamoja na mafanikio hayo, anga lina namna yake ya kuzua jambo jipya. Mei 25, 2012, chombo cha Dragon cha kampuni binafsi ya SpaceX kilipokuwa kikisogea kwa mara ya kwanza kwenye Kituo cha Kimataifa, leza yake ilianza kupokea mwanga usiotakiwa. Ulikuwa ukirudi kutoka kwenye kioo kilichobandikwa katika moduli ya Kijapani ya Kibo, kilichowekwa kwa ajili ya vyombo vingine kabisa. Wahandisi walikirudisha chombo nyuma, wakaipunguzia leza upana wa eneo inalotazama ili isikione kioo hicho, na saa chache baadaye mwanaanga Don Pettit akakidaka kwa mkono wa mashine.

Dragon nyingine, Februari 22, 2017, ilisitisha safari yenyewe ikiwa takriban kilomita moja kutoka kituoni baada ya kompyuta zake kutilia shaka takwimu za GPS. Ilijiondoa, ikazunguka, na kesho yake ikafika salama. Mwaka 2005 DART iliziamini takwimu zake mbovu hadi mwisho. Hii ilikataa kuziamini, na inawezekana hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko uboreshaji wowote wa kamera au leza.

Hata Kurs yenye uzoefu wa miongo mitatu iliwahi kuaibisha. Agosti 24, 2019, Soyuz MS-14, iliyombeba roboti wa umbo la binadamu badala ya wanaanga, ilifika karibu na kituo ikaanza kuyumba, ikishindwa kulishika lengo. Chanzo kilikuwa kipaza nguvu cha mawimbi kwenye kituo chenyewe, si kwenye chombo. Kwa vile Soyuz kwa kawaida huwa na rubani ndani, haikuwa na vifaa vya kuongozwa kwa televisheni kama Progress, na roboti hakuweza kushika usukani.

Warusi waliamua kuipisha. Wanaanga watatu waliingia katika Soyuz nyingine iliyokuwa imefungwa nyuma ya moduli ya Zvezda, wakaihamishia kwenye lango lenye kipaza nguvu kibovu kwa kuiendesha kwa mikono, na Agosti 27 chombo chenye roboti kikaingia katika lango lililoachwa wazi.

China iliunganisha vyombo vyake, Shenzhou 8 na Tiangong-1, Novemba 2011. India ikawa nchi ya nne kufanya hivyo kwa uwezo wake Januari 16, 2025, kwa kutumia setilaiti mbili ndogo za mradi wa SpaDeX, kila moja ikiwa na uzito wa takriban kilo 220. Nayo ilisitasita: jaribio liliahirishwa mara mbili, na Januari 12 setilaiti hizo zilisogezwa hadi mita tatu, kisha zikatenganishwa ili wataalamu wapate kusoma takwimu kabla ya kuendelea.

Kumsogelea asiyekutarajia

Vyombo vyote vilivyotajwa hapo juu vilikuwa na faida moja: kilichosogelewa kilijua kwamba kitasogelewa. Kilikuwa na vioo, antena au lango. Setilaiti nyingi zilizoko angani hazina chochote cha namna hiyo, na ndizo zinazotafutwa sasa, ama ziongezewe maisha au ziondolewe.

Februari 25, 2020, chombo cha Kimarekani cha MEV-1 kiliishika setilaiti ya Intelsat 901, iliyokuwa angani tangu mwaka 2001 na karibu kuishiwa mafuta. Kilitumia kamera za kawaida, kamera za joto na leza kuisoma sura ya setilaiti, kisha kikaingiza mtarimbo katika mdomo wa injini yake kuu na kujifunga hapo. Aprili 2021 chombo cha pili, MEV-2, kiliishika kwa namna hiyohiyo Intelsat 10-02, ambayo miongoni mwa maeneo inayoyahudumia ni Afrika. Hii ya pili iliendelea kurusha matangazo na mawasiliano wakati ikishikwa, na wateja wake hawakutakiwa kuona tofauti yoyote.

Mzigo mgumu zaidi ni ule uliokufa kabisa. Februari 2024 kampuni ya Astroscale ya Japani ilirusha chombo cha ADRAS-J kwenda kukitafuta kipande cha roketi ya Kijapani kilichoachwa angani tangu mwaka 2009, chenye urefu wa mita 11 na uzito wa takriban tani tatu. Kipande hicho hakina taa, hakina redio, wala hakina kioo hata kimoja, na hakuna aliyejua kwa uhakika kimekaaje.

ADRAS-J kilianza kwa kukiona kama nukta kwenye kamera, kikakisogelea, kikakipiga picha kila upande kutoka umbali wa mita 50, na mwishoni mwa Novemba 2024 kikafika mita 15 kutoka hapo. Wakati huo kompyuta yake iliona kwamba mkao wake ukilinganishwa na wa kipande hicho hauko kama unavyotakiwa, ikasitisha jaribio na kukirudisha chombo nyuma bila kusubiri amri. Chombo kingine cha kampuni hiyo, kitakachokuwa na mkono wa mashine, kinatayarishwa kwenda kukishika kipande hichohicho na kukishusha.